Bustani Yetu ya Ugogo

Wengi wenu, hasa ninyi walimu mnaohamishwa kutoka shule hata shule, mmetuuliza habari za nchi tuliyohamia. Nasi tumeona vema kuwasimulia habari za kipande kimoja tu cha nchi hiyo, yaani uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu, urefu wake hatua 30 na upana wake hatua 20.

Tulitoka Tukuyu mwezi wa Julai mwaka wa 2017. Ninyi mnaoijua Tukuyu mwajua ya kuwa mvua ya huko humchosha mtu, na migomba humea hata pasipo kuombwa. Tulipofika Dodoma tukashika njia ya mashariki, tukapita Buigiri, na pale Mbande tukaiacha njia kuu, tukaelekea upande wa Kongwa. Nchi ilikuwa imekauka kabisa. Mibuyu ilikuwa haina jani hata moja, upepo ulitoka mashariki tangu asubuhi hata jioni, na vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya masanduku. Watoto wakauliza, “Hapa watu hula nini?” Tukawajibu ya kuwa Wagogo wameishi hapa tangu zamani kwa uwele na mtama na ng’ombe, wala hawakufa. Lakini mioyoni mwetu tuliuliza swali lile lile.

Mvua ya Ugogo kwa mwaka ni milimeta 500 au 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tena huja kwa nguvu, ikapita juu ya ardhi ngumu na kukimbilia makorongoni. Toka Mei hata Novemba hakuna kitu. Habari hizi twalizijua, lakini hatukuzitii. Wiki ya pili tu tukashika jembe. Jembe likagonga likarudi, tukaazima sururu. Tukainua matuta manane mazuri, marefu, kama tulivyofundishwa na wazee wetu kule Rungwe, tukapanda mchicha, nyanya na bamia, tukafurahi.

Sasa fikirini habari ya maji. Tuta moja la meta 1 kwa 4 lataka ndoo moja ya lita 20 kila siku wakati wa jua, na sisi tulikuwa na manane. Maji yalitoka mtoni, nao mto huo ni mchanga mtupu. Watu huchimba shimo katika mchanga, maji hujikusanya chini kidogo kidogo, na mwenye zamu huchota kwa kata mpaka ndoo ijae. Mama wa nyumba alichota, na binti yetu wa kwanza, aliyekuwa darasa la 6, alichota. Mchicha ukaota, ukasimama siku tisa, ukanyauka. Tukapanda tena. Tukawaambia, “Ongezeni ndoo mbili.”

Asubuhi moja ilikuwa zamu yetu kuandika majina ya wanafunzi waliochelewa. Walisimama kumi na mmoja langoni, na wa mwisho alikuwa binti yetu, mabega yake yamelowa maji. Hakusema neno, wala hakutuangalia usoni. Tukaliandika jina lake kama mengine, maana watoto wote walikuwa wakitazama. Lakini tangu siku ile kalamu ilikuwa nzito mkononi.

Jioni ile akapita bibi mmoja jirani, Mgogo, mjane, akatuamkia, “Mbukwenyi!” Akasimama akayatazama matuta, akacheka hata akashika fimbo yake kwa mikono miwili. “Wanangu, mbona mmemchimbia mchicha makaburi?” Kisha akaacha kucheka, akauliza, “Na maji haya huchotwa na nani?” Tukanyamaza. Mama wa nyumba naye akanyamaza, kwa namna tuliyoielewa.

Bibi akatueleza jambo ambalo mtu yeyote wa huko angaliweza kutueleza siku ya kwanza, kama tungaliuliza. Tuta lililoinuliwa ni la nchi ya mvua, ili maji yapate kutoka. Hapa upepo hulikausha pande zote. Nchi ya jua yataka kinyume chake: mahali pa kupandia pawe chini, na kingo ziwe juu, ili kila tone libaki. Basi tukayabomoa manane, tukachimba mawili tu, kina chake kama kiganja na nusu. Tukachanganya udongo na samadi ya zizini iliyokwisha kuoza (samadi mbichi huunguza miche), tukatandaza majani makavu juu. Mchwa wakaja kuyala, tukanyunyiza majivu, wakarudi, tukanyunyiza tena. Vita hivyo havijaisha hata leo.

Kwa ajili ya mbuzi tulipanda ua wa minyaa. Jihadharini na utomvu wake usiingie machoni. Kando ya kila mche wa mpapai tulizika mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo juu na kifuniko chake. Hujazwa maji, nayo hutoka polepole penye mizizi wala jua haliyaoni.

Hatukuwa wageni wa kwanza kukosea hapa. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa ili kulima karanga. Ardhi ikawa ngumu kama tofali, mvua ikakosekana, na mwaka wa 1951 kazi ikaachwa, hasara yake ikawa pauni milioni 36 hivi. Hasara yetu ilikuwa mbegu na sururu ya watu iliyovunjika mpini.

Jambo lililomwondolea binti yetu ndoo kichwani lilikuwa bati. Paa letu ni meta 6 kwa 8. Likipokea milimeta 500 za mvua, ni lita 24,000, yaani ndoo 1,200, na mwaka ule wa kwanza zote zilimwagika uani tukizitazama. Mwaka wa 2018 tuliuza baiskeli, tukaweka michirizi na tangi la lita 5,000. Yanayofurika huenda kwa mtaro mpaka penye mipapai. Mtoni tuliendelea kwenda kwa maji ya kunywa, lakini baada ya masomo, na baba wa nyumba naye akabeba. Watu walicheka juma moja, wakazoea.

Papai la kwanza lilipoiva tulimpelekea bibi. Akalionja, akatushukuru sana, akawapa wajukuu zake lililosalia. Akasema ni tamu, lakini yeye kwa jioni ile alikuwa na mlenda wake.