Chuma Kinachodumu Motoni

Leo viangalie vyuma vya jiko la kuchomea nyama. Vilipotoka kwa fundi vilikuwa vimenyooka. Hakuna aliyevigonga, lakini sasa vimepinda katikati. Ni moto na uzito mdogo tu, siku baada ya siku.

Wahandisi wa mitambo ya umeme wa mvuke wanaijua hatari hii. Bomba lenye mvuke wa nyuzi 600 hutanuka kidogo kidogo kwa miaka, na siku moja linaweza kupasuka watu wakiwa kazini karibu nalo. Kwa hivyo hawaulizi tu chuma kina nguvu gani leo. Wanauliza kitabeba mzigo gani kwa saa 100,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 11! Huko Japani, kipande cha chuma kilitundikiwa mzigo katika tanuri la nyuzi 400 mwaka 1969, na jaribio likasimamishwa 2011.

Chuma kinachotumika sana kwa kazi hii kina kromi kama asilimia 9 na molibdeni asilimia 1, pamoja na vanadi, naiobi na naitrojeni kidogo sana. Hupashwa moto zaidi ya nyuzi 1,000, kikapozwa, kisha kikapashwa tena kwa nyuzi 750 hivi. Hapo punje ndogo mno hutokea ndani yake, nazo hukizuia kisilegee.

Wataalamu wakajaribu kuongeza kromi hadi karibu asilimia 12, ili mvuke usikile upesi. Katika majaribio mafupi, vyuma vile vilifanya vizuri. Baada ya maelfu ya saa, punje kubwa zikaota ndani na kuzimeza zile ndogo. Nguvu ikashuka, na kwa nje huoni kitu.

Sasa nisikie, wewe unayemuuguza mzazi mwaka wa tano. Watu walikusifu mwezi wa kwanza, siku hizi hakuna anayeuliza. Mzigo ni uleule, lakini muda nao una uzito wake. Mhandisi anapojua safari ni ndefu, hukipa chuma mzigo mwepesi kuliko kinavyoweza kubeba siku moja. Basi usione haya kumwambia ndugu yako, "Nipokee wikendi hii." Nawe uliye na jirani wa namna hiyo, usingoje apasuke. Mpigie simu leo.