Jiwe na Kibanja

Kwetu Nyakasimbi, Karagwe, marehemu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba iliyomlisha alipokuwa hai. Kaburi ndilo hati ya ukoo; mwenye babu yake chini ya mgomba haulizwi ametoka wapi. Kwa sababu hiyo, mawe ya ukumbusho katika viwanja vya serikali hayakutugusa moyo kwa muda mrefu. Katika utumishi wetu tumeyaona mengi mbele ya ofisi: aghalabu hupakwa chokaa mgeni mkubwa anapokaribia, kisha huachiwa mbuzi.

Fikira zetu zilibadilika Kaboya, wilayani Muleba, katika uwanja wa jeshi walimolazwa askari wetu wa Vita vya Kagera, na mnara wa kuwakumbuka. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, sisi tulikuwa watoto wadogo. Twakumbuka tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa: wazee waliizunguka redio wasiseme neno. Siku hizo hizo daraja la Kyaka likavunjwa. Vijana waliokwenda kuikomboa ardhi ile walitoka kila pembe ya nchi, na wengi wao hawakurudi kwao hata kuzikwa.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, na mashada ya maua. Silaha hizo ni za mababu wa makabila yote, nasi twaona walioichagua desturi hiyo walifikiri vema.

Mwaka mmoja tulifuatana Kaboya na mzee kutoka Songea, aliyekuja kuliona kaburi la kaka yake. Hakulia. Aliuliza tu, "Jirani yake ni nani?" Tukamsomea jina la pembeni, la mtu wa kabila jingine na dini nyingine. Akasogea, akamsalimu naye, akamtaka radhi: laiti angalijua, angalikuja na salamu za wawili.

Tulipomweleza desturi yetu ya kibanja, aliitazama safu ile ya makaburi, akauliza kama yaruhusiwa kupanda hapo mgomba, japo mmoja. Hatukuwa na mamlaka ya kumjibu. Tukamwambia, "Mzee wetu, tutauliza."