Papa, finya hapo

Sauti ya bibi yangu ilikuwa ndani ya kompyuta moja tu, nayo ilikuwa Fizi. Baba, mwalimu mstaafu, alimrekodi akisimulia hadithi kumi na moja kwa Kibembe, miezi michache kabla hajafariki. Mimi nasoma Dar es Salaam, na tasnifu yangu inategemea hadithi hizo. Siku ishirini kabla ya kukabidhi sura ya data, baba alipiga simu: "Dosye ya mama yangu haionekane tena."

Nikamwambia asiguse kitu. Ningeingia mwenyewe kwenye kompyuta yake kutoka huku, kwa programu ya msaada wa mbali iliyomo ndani ya Windows. Baba akashuka kutoka mlimani hadi Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ndugu yetu mwenye umeme wa sola na simu yenye mtandao mzuri.

Siku ya kwanza tulishindwa na saa. Tulipatana saa tatu asubuhi, nami nikasahau kwamba mashariki ya Kongo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Baba alipofika mbele ya kompyuta, mimi nilikuwa nimeshaingia darasani.

Siku ya pili tulishindwa na anwani. Katika programu ile, anayeomba msaada hutengeneza faili la mwaliko na kumtumia msaidizi, kisha huacha dirisha lake likisubiri. Ndani ya faili mna anwani ya kompyuta inayosubiri. Nililifungua mara tano, na mara tano nikaambiwa kwamba muunganisho haukuwezekana. Baadaye nilielewa. Kompyuta ya baba ilipata mtandao kupitia simu, na anwani iliyoandikwa kwenye mwaliko ni ile ambayo simu iliipa kwa matumizi ya ndani tu. Ni kama kumwelekeza mgeni wa Dar kwa kusema, "nyumba ya pili nyuma ya mwembe". Jirani atafika. Mgeni hana pa kuanzia.

Sisi wa isimu tunalijua tatizo hili. Ukisema "Kibembe" tu, kuna atakayekwenda Kongo-Brazzaville, ambako kuna lugha nyingine yenye jina hilohilo. Ndiyo maana tunataja alama za Malcolm Guthrie: ya kwetu ni D54, ya kule ni H11. Jina linalotosha nyumbani halitoshi ukivuka mpaka.

Siku ya tatu nilibadilisha njia. Windows ina programu nyingine, ambayo kwenye kompyuta ya baba, iliyo katika Kifaransa, huitwa Assistance rapide. Hapa hakuna anayegonga mlango wa mwenzake: kompyuta zote mbili hutoka nje na kukutana kwenye seva iliyo katikati. Msaidizi hupewa msimbo wa herufi sita, na anayesaidiwa ana dakika kumi za kuuingiza.

Nikampigia baba. "Papa, ingiza msimbo huu, kisha bofya kitufe cha chini."

Kimya. Nikarudia polepole, kwa Kiswahili kilekile. Kimya tena. Dakika kumi zikaisha, msimbo ukafa. Nikaomba mwingine, nao ukafa. Ndipo baba akauliza kwa sauti ndogo: "Mutoto wangu, kubofya njo nini?"

Niliona aibu. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, nami nilimweka katika hali ya kuogopa kuniuliza. Msimbo, bofya, kitufe: maneno mazuri ambayo nimeyatetea darasani. Lakini nilikuwa nimempa baba anwani inayojulikana kwangu tu.

"Papa, nisamehe. Andika kode hii. Sasa finya hapo chini."

"Ah! Kufinya!" Akafinya.

Kikabaki kitu kimoja. Skrini ilimwuliza kama anakubali niiongoze kompyuta yake. Baba akasita. "Kwa hiyo utanishika mkono?" Nikamjibu kwamba bila ruhusa yake siwezi kusogeza hata kishale, na kwamba akitaka kunitoa atanitoa wakati wowote. Akafinya tena, na ukurasa wake ukatokea mbele yangu.

Folda haikuwa imepotea. Ilikuwa imeburutwa kwa bahati mbaya ndani ya folda nyingine, ya mitihani ya zamani. Niliipata kwa dakika mbili. Nikafungua faili la kwanza ili kuhakikisha. Kwangu halikutoa sauti, kwa sababu programu ile huonyesha skrini tu. Lakini simu ilikuwa bado hewani, na kupitia simu nikamsikia bibi akianza hadithi kule Baraka, na baba akiitikia.

Sikufunga muunganisho hadi hadithi ilipokwisha.