Dushi yetu nyuma ya nyumba: tulivyochagua kuta zake na tunavyozisafisha



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu akiba ya AVEC yetu, mama mmoja aliomba kuona dushi tuliyojenga nyuma ya nyumba. Aliingia, akafunga mlango, akakaa mle kimya kidogo. Alipotoka akaniuliza: "Madamu, mulichagua namna gani?" Nilimjibu haraka haraka kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Leo namjibu vizuri, yeye pamoja na ninyi wengine, maana jibu lenyewe halianzi na matofali. Linaanza na binti yangu.

Binti yangu mkubwa ana miaka 12. Mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kinaisha, alianza kuamka kabla jogoo hajawika mara ya pili. Nilisikia bidoni ikigonga ukuta, maji yakimwagika, kisha mtoto anarudi kitandani na nywele zimelowa. Mimi nilifurahi. Nilijiambia kwamba mtoto amekua, sasa ana bidii. Hata nilimsifu mbele ya wadogo zake. Ni mama mkwe wangu, tunayekaa naye, aliyeniita pembeni: "Binti yangu, mtoto huyu haamki kwa bidii. Muulize polepole."

Nilimuuliza tukiwa tunachambua mchele. Aliangalia chini kwenye ungo, akasema: "Mama, saa ile hakuna mtu anapita njiani."

Wakati ule dushi yetu ilikuwa miti minne na bashe nyeupe. Sisi watu wa Sange tunazijua bashe hizo. Jua la bonde la Ruzizi lilikuwa limekula yetu mpaka ikapasuka, nikaishona kwa kamba, ikapasuka pembeni ya mshono. Njia ya kwenda kwenye mashamba ya mpunga inapita nyuma yake, hatua kumi tu. Siku moja vijana walipita, wakacheka. Tangu siku ile mtoto hakuoga tena jua likiwa juu.

Wamama, nilikosa neno. Mimi ndiye ninayekagua kucha na masikio ya watoto wa watu kila Jumatatu asubuhi. Nimefundisha somo la usafi wa mwili miaka na miaka. Lakini sikuwahi kumuuliza mtoto wangu mwenyewe kama mahali anapoogea anaogea bila hofu. Tena, ili asionekane, alikuwa anatoka nje peke yake usiku. Nje usiku kuna nyoka, na kuna watu.

Jioni ile niliongea na bwana yangu. Mpunga ulikuwa karibu kuvunwa, na kugawana akiba ya AVEC kulibaki miezi miwili. Tukakubaliana kwamba pesa ya kwanza ni ya dushi.

Sasa niwaambie ukweli mwingine, muucheke kidogo. Nilipokuwa nasoma ISP Bukavu, nilikaa kwa shangazi aliyekuwa na kabine ya vioo katika bafu yake. Bukavu kuna baridi. Unaingia mle, unafunga mlango wa kioo, mvuke wa maji ya moto unabaki na wewe, na maji hayaruki kwenye sakafu ya nje. Nilijiapia kwamba nikipata kazi na nyumba, nami nitakuwa na kabine kama ile. Kwa hiyo niliposikia neno dushi, akili ilikimbilia vioo. Nilienda hata kuuliza bei. Nikarudi nyumbani, nikamweleza binti yangu kwa furaha. Alinitazama tu: "Mama, kioo? Si ndiyo wataniona vizuri zaidi?"

Tulicheka sisi wawili mpaka mama mkwe akaja kuuliza kuna nini. Lakini mtoto alikuwa amenifundisha. Mimi nilikuwa nachagua dushi ya wageni kusifu, wakati anayeihitaji ni yeye. Kabine ya vioo ni nzuri mahali pake, ndani ya chumba chenye ukuta, mlango na bomba lenye nguvu. Sisi tunabeba maji kwa bidoni na kuoga kwa kopo.

Tukaanza upya. Nilichukua daftari, nikaandika majina ya wote wanaooga nyumbani, kuanzia mtoto mdogo hadi nyanya yake, na pembeni ya kila jina kile anachoogopa. Binti anaogopa kuonekana. Nyanya anaogopa kuteleza, tena hawezi kuinama. Mdogo anaogopa giza. Mimi ninaogopa maji machafu yanayosimama. Kisha tukapima kila aina ya ukuta kwa orodha ile.

Bashe ni rahisi na inafungwa kwa siku moja. Lakini jua linaila, upepo unaiinua, na usiku ukiwasha taa ndani, kivuli cha mwili kinaonekana chote nje. Hilo wengi hatulifikirii.

Matete yanaleta hewa na hayagharimu sana. Ila yanaoza chini yanapolowa, wadudu wanaingia, na huwezi kuyasugua. Kila mwaka unaanza tena.

Manjanja hayapitishi jicho, na yanaoshwa kwa sabuni. Lakini saa sita yanachoma kama sufuria, kingo zake zinakata mikono ya watoto, na ukinunua yaliyotumika, kila tundu la msumari ni jicho. Ukiyachagua, ziba matundu na ukunje kingo.

Matofali mabichi yanasimama vizuri mpaka maji yayaguse; yakiguswa kila siku yanarudi kuwa udongo. Matofali ya kuchoma ndiyo tuliyochagua. Pesa haikutosha kupaka simenti kuta zote, basi tulipaka upande wa ndani tu, kutoka chini mpaka kwenye bega, pale maji yanaporuka. Juu tuliacha tofali wazi. Mwaka ujao Mungu akipenda tutamaliza.

Kuta zina urefu wa mita 2, ili hata mtu mrefu anayepita asione kitu. Mlango ni wa mbao na manjanja, unaangalia jikoni kwetu, hauangalii njia, na komeo liko ndani. Ndani kuna misumari ya kutundika nguo, maana mtoto anayetundika nguo nje ya ukuta anaweza kuibiwa, kisha atatoka namna gani? Juu hatukufunika kote, ili jua liingie likaushe sakafu.

Kosa moja lilitokea, nami nalitaja ili lisiwapate. Fundi alitaka kutupendeza. Alimwaga sakafu, kisha akailainisha kwa simenti tupu mpaka ikang'aa kama sahani. Wote tulisifu. Siku ya tatu mama mkwe aliteleza. Mfupa haukuvunjika, tunamshukuru Mungu, lakini nyonga ilimuuma wiki mbili. Fundi alirudi, akaikwaruza, akaweka tabaka jingine na kulipitishia ufagio mgumu kabla halijakauka. Mistari ile ya ufagio ndiyo inayoshika mguu. Tukaongeza benchi dogo la matofali la kukalia, na mti wa kushika ukutani. Sasa nyanya anaoga mwenyewe, hamngoji mtu.

Sakafu lazima ilale kidogo upande mmoja: sentimita 2 kwa kila mita zinatosha maji yaende yenyewe. Yanapita kwenye bomba fupi hadi shimo lililojazwa mawe, makubwa chini na madogo juu, kisha limefunikwa. Shimo hilo liwe mbali na kisima au chemchemi, angalau mita 30. Kwetu bondeni maji ya ardhini hayako mbali, hasa wakati wa mvua, kwa hiyo msichimbe kufikia maji. Katika teritwari yetu ya Uvira kipindupindu si hadithi ya redioni. Tunakijua kwa majina ya watu. Ugonjwa huo unapita katika kinyesi kinachoingia kwenye maji na chakula. Basi dushi isiwe choo. Ukimsafisha mtoto mchanga, kinyesi chake kitupe chooni kwanza, ndipo umwogeshe, nawe unawe mikono kwa sabuni.

Tuje kwenye kusafisha. Ukuta mzuri usiosafishwa unakuwa mbaya kuliko bashe. Utelezi ule wa kijani unaoota sakafuni unakula maji na mabaki ya sabuni. Ukivikosesha hivyo viwili, hauoti. Kwa hiyo nyumbani kila anayemaliza kuoga anamwaga kopo moja kwenye sakafu, anasukuma maji kwa ufagio, na kuacha mlango wazi ili hewa ipite. Ni kazi ya dakika moja.

Mara mbili kwa juma tunasugua kwa brosi ngumu na maji ya sabuni, tukianzia ukutani tukishuka chini, na tunamalizia kwenye tundu la maji. Nywele na vipande vya sabuni tunavitoa kwa mkono, hatuvisukumi kwenye bomba, maana vitaziba. Jumatano ni zamu ya binti, Jumamosi ni ya kaka yake. Kijana alinung'unika siku ya kwanza kwamba hiyo ni kazi ya wasichana. Nilimuuliza kama yeye haogi. Jibu lake lilikuwa brosi.

Mara moja kwa mwezi tunatumia javeli, tukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Shikeni jambo hili, wamama, na muwafundishe watoto: javeli haichanganywi kamwe na siki, limau, wala dawa nyingine ya kusafishia choo. Inatoa hewa yenye sumu inayochoma kifua, na katika chumba kidogo kama dushi mtu anaweza kuanguka. Hata mkojo ukikutana na javeli unatoa hewa mbaya, basi mwageni maji mengi kwanza. Mlango uwe wazi, na javeli isikae katika chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kunywa.

Kwa ninyi mulio na kabine ya vioo au kuta za vigae, huko Bukavu au Uvira, shangazi yangu alinifundisha hivi. Madoa meupe kwenye kioo ni chokaa ya maji ikiungana na sabuni. Pakeni siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mungoje dakika chache, musugue kwa kitambaa laini, kisha musuuze. Musitumie mchanga wala chuma, vinakwaruza. Na kila jioni yeye alikuwa anakausha kioo kwa kitambaa kabla ya kulala. Hiyo ndiyo siri ya kioo kilichonishangaza nilipokuwa mwanafunzi: mikono ya mama, kila siku. Mukinunua, ulizeni kama ni kioo cha usalama, kile kinachovunjika punje ndogo ndogo. Kioo cha dirisha kikivunjika kinakata kama kisu. Lakini siki hiyo musiipeleke kwenye simenti yetu, maana inaila polepole. Simenti inapenda brosi na sabuni tu.

Na kama pesa ya matofali bado haijapatikana, musingoje. Geuzeni mlango uache kuangalia njia. Ongezeni bashe ya pili mahali mwili unaposimama. Wekeni mawe bapa sakafuni ili miguu isikae kwenye tope. Sisi wenyewe tuliishi hivyo miezi miwili tukingoja mavuno, na hata hiyo ilisaidia.

Kazi ilipokwisha, fundi akaondoka, sikumwambia binti yangu neno. Nilingoja. Siku ya nne alitoka masomoni, akaweka mfuko wake, akachukua ndoo. Jua lilikuwa bado juu kabisa, watu wanapita njiani na majembe yao. Nilisikia komeo likifungwa. Kisha nikasikia anaimba, kwa sauti, wimbo wa shuleni wa watoto wadogo. Asubuhi iliyofuata jogoo aliwika mara ya pili, na mara ya tatu, mtoto bado amelala. Sikumwamsha.

Basi mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kesho, jua likiwa kali, ingia katika dushi yako, funga mlango, usivue nguo, na uangalie tu pande zote. Kila mahali mwanga unapoingia, jicho linaweza kuingia. Kisha mwite binti yako, umuulize polepole anaoga saa ngapi, na kwa nini.