Mgeni Aliyeshika Chaki

Nimestaafu, na vijana wa idara wameniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya kufundisha hisabati. Utoto niupitie haraka. Nilizaliwa Kasomeno, kwenye njia ya malori ya samaki yatokayo Kasenga, kando ya mto Luapula, kuja Lubumbashi. Nilisoma kwa mapadri, kisha sekondari nikakutana na mwalimu Mbelgiji aliyefundisha hisabati ya kisasa kwa vitabu vya Georges Papy: seti za rangi, mishale ya rangi, na kutakiwa kuthibitisha hata kinachoonekana kwa macho. Wenzangu wengi waliichukia. Mimi ilinipa kazi ya maisha.

Mtafiti wa hisabati huku Katanga anaumizwa na upweke kuliko umaskini. Akikwama, hana wa kumuuliza. Abdus Salam wa Pakistani aliyajua maumivu hayo, ndiyo maana mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha watafiti huko Trieste, Italia. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 2002 vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vilishikana mikono katika mpango wa hisabati wa EAUMP, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Kwa hiyo mfululizo wa mihadhara ya wageni kwa watafiti vijana si pambo. Kijana wa hapa anasubiri mwaka mzima wiki moja ya namna hiyo.

Inakuwaje basi wiki hiyo ipotee? Nimekaa katika mihadhara mingi ambayo mgeni alifungua kwa mfupa wa kale wa Ishango, hapa Kongo, akasifu namba tasa 11, 13, 17 na 19 zilizochanjwa katika safu moja, asiseme neno juu ya safu nyingine yenye 9 na 21, ambazo si tasa. Kisha projekta ikawashwa, zikapita slaidi za matokeo makubwa ya dunia, tukapiga picha, vyeti vikagawiwa. Mwenzangu mmoja wa idara anautetea utaratibu huo hadi leo. Vijana, alisema, waonyeshwe upeo. Mimi nasema upeo ulioonyeshwa kwa mbali haumfundishi mtu kutembea.

Aliyenipa hoja hiyo ni mgeni mmoja, profesa mwanamke, tuliyemwita Mama Profesa. Siku ya kwanza aliomba chaki tu. Akachora nukta ubaoni, safu 3 za nukta 4, akapitisha mstari wa mshazari katikati ya nukta, ukigusa ukingo unageuka, mpaka ukarudi ulikoanzia. Mstari mmoja ulikuwa umezizunguka nukta zote. Kijana mmoja Mchokwe kutoka Lualaba akainuka: “Mama, hiyo ni lusona. Babu yangu aliichora mchangani akisimulia hadithi.” Mama Profesa akamwambia ndiyo, na kwamba Paulus Gerdes wa Msumbiji aliitafiti michoro hiyo kwa miaka mingi. Kisha akachora safu 4 za nukta 6. Mstari wa kwanza ulijifunga na mchoro haujakamilika. Ikabidi aanze wa pili.

Kwa nini? Siku nzima ilikwenda kwa swali hilo. Msikunje mstari kila unapogusa ukingo, alisema. Geuzeni uwanja wenyewe kama kwenye kioo, mstari uende moja kwa moja. Ukishanyooka, kinachobaki ni kuhesabu. Safu 4 za nukta 6 zina miguso 20 kwenye kingo zote. Kila mstari hugusa mara 10 kabla ya kujifunga. Basi mistari ni 2, namba kubwa kuliko zote zinazogawa 4 na 6 bila baki. Akafuta, akatutaka tufanye wenyewe kwa safu na nukta zozote, na hakuondoka ukumbini mpaka kijana wa pili aliposimama ubaoni na kuthibitisha bila kusaidiwa.

Mwenzangu alisema hayo ni mambo ya kijiji, si hisabati ya kisasa. Nilimjibu siku ile na ninamjibu tena hapa. Kugeuza uwanja ili mstari unyooke ndiko walikofanya wanahisabati Zemlyakov na Katok mwaka 1975 kwa meza za biliadi zenye pembe, na ndiyo njia iliyofika jirani kabisa na kazi za Maryam Mirzakhani, aliyepewa Medali ya Fields mwaka 2014. Aliyeielewa lusona kwa uthibitisho kamili ameshika ufunguo wa mlango huo. Aliyetazama slaidi za Mirzakhani ameliona jina lake tu.

Ninyi mnaopanga mihadhara sasa, mwandikieni mgeni mapema: alete teoremu moja, aithibitishe yote, aache swali ambalo yeye mwenyewe hajalijibu. Mama Profesa aliuliza mistari itakuwa mingapi tukiweka vioo ndani ya uwanja, katikati ya nukta. Yule kijana wa Lualaba alilichukua swali hilo, akaliandikia tasnifu yake, na kwa vioo viwili alipata jibu.