Korongo wa Bonde la Elbe

Huenda nawe umepata kuwaona korongo weupe. Huja kwetu Afrika ya Mashariki kiasi cha Novemba na Desemba, wakatembea makundi kwa makundi mbugani na mashambani, hasa palipozuka viwavijeshi au nzige, na masika yanapokaribia huwaoni tena. Ni ndege mrefu, kiasi cha mita moja na kidogo, mwili mweupe, mbawa zina weusi nyuma, mdomo na miguu ya rangi nyekundu. Sasa jiulize: ni nani kati yetu aliyepata kuliona yai lake? Wazee wangu walikuwa wakulima wa mpunga, na maisha yao yote hawakuona kiota cha korongo huyu hata kimoja. Sababu ni kwamba hatagi kwetu. Hutaga Ulaya, Uturuki, nchi za Maghribi na Asia ya Kati, na wachache mno hutaga Afrika ya Kusini.

Waarabu humwita laqlaq, kwa ule mlio wa mdomo wake, maana sauti ya koo karibu hana. Hugonganisha mdomo wa juu na wa chini kama mtu apigaye vijiti. Waturuki wamemwongezea cheo, wakamwita Haji Leylek, kwa kuwa humwona akielekea kusini kila mwaka kisha akarudi, wakasema huyu katoka Makka. Cheo hicho mimi sikipingi. Wapo wanadamu waliojipa vyeo kwa safari fupi kuliko hiyo.

Ama watu wa Ulaya, zamani wengine walidhani kwamba ndege wakati wa baridi hujificha katika matope ya maziwa wakalala. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini ya Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mshale wa mti wa Kiafrika umempenya shingoni, naye alikuwa ameruka nao mpaka huko. Akakaushwa, na mpaka leo yupo Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji yule wa kwetu alikosa kitoweo, lakini alipeleka jibu ambalo wataalamu walikuwa wakilitafuta.

Binti yangu anakaa Hamburg, na nilipokwenda kumzuru mwezi mmoja wa Juni alinichukua mpaka kijiji cha Rühstädt, kando ya mto Elbe. Ni kijiji kidogo cha nyumba za matofali na mapaa ya vigae, na juu ya mapaa hayo hukaa korongo, jozi ishirini na zaidi, kiasi kwamba tangu mwaka 1996 kijiji kimepewa jina la Kijiji cha Korongo cha Ulaya. Kilichonishika zaidi si ndege bali vibao. Nyumba yenye kiota imetundikwa kibao, na juu yake huandikwa kila mwaka korongo walifika siku gani na walilea vifaranga wangapi. Mimi nimeshika daftari la mahudhurio la chuo kwa zaidi ya miaka thelathini, nikasimama kuvisoma vibao vile kimoja kimoja hata binti yangu akaniambia, "Baba, shikamoo, lakini mvua inakuja."

Sasa tuangalie malezi yao yalivyo. Dume ndiye hutangulia kufika, mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili, akakikalia kiota cha mwaka uliopita na kukipigania. Jike akifika, wote wawili hurudisha vichwa nyuma mpaka vikagusa mgongo na kupiga midomo. Wengi husema ni ndege waaminifu kwa wake zao. La, wanachokishikilia hasa ni kiota. Ikiwa wote wawili watarudi kwenye kiota kile kile, ndoa inaendelea. Mmoja akichelewa sana, nafasi yake huchukuliwa, naye akirudi huwa ni vita. Kiota chenyewe ni vijiti, nyasi, matambara na samadi, na kila mwaka huongezwa, hata viota vikuukuu vikawa na uzito wa mamia ya kilo, na shomoro wakapanga vyumba katika kuta zake bila ya kodi.

Mayai huwa matatu mpaka matano, aghlabu manne, hutagwa siku moja baada ya siku moja. Baba na mama huatamia kwa zamu, kiasi cha siku thelathini na tatu. Na hapa msomaji uzingatie jambo moja: hawangoji mayai yatimie ndipo waatamie. Huanza mapema, na kwa hiyo yai la mwisho huanguliwa siku kadhaa baada ya la kwanza. Kifaranga wa mwisho hutoka ndani ya ganda na kuwakuta ndugu zake wamekwisha kuwa na nguvu.

Chakula hawalishwi mdomoni. Mzazi hurudi na koo imejaa, akakitapika katikati ya kiota, na kila mmoja hujiokotea. Siku za mwanzo ni minyoo ya ardhini na wadudu wadogo, baadaye vyura na panya. Jua likiwa kali mzazi husimama akatandaza mbawa kuwatilia kivuli, tena huwaletea maji kooni na kuwamiminia. Ikija mvua ya baridi ya siku mbili tatu mfululizo, hapo ndipo penye hatari, maana huja wakati ambapo vifaranga wamekuwa wakubwa hawaenei tena chini ya mzazi, na manyoya yao bado hayazuii maji. Na mifuko ya plastiki ambayo wazazi huiokota na kuitandika ndani huzuia maji yasichuruzike, kiota kikawa beseni.

Yote hayo hutegemea mto. Korongo hutembea akila; anataka majani mafupi na ardhi mbichi. Elbe ikifurika na kurudi huacha majaruba ya asili yaliyojaa uhai, lakini kwa karne nyingi watu waliufunga mto kwa matuta, na mashamba ya mahindi yakaingia palipokuwa malisho. Mahindi yakirefuka mwezi wa Juni, ndipo vifaranga wana njaa kubwa kabisa, na korongo hawezi kutembea humo. Karibu na Lenzen, kwenye mto huo huo, mwaka 2009 walimaliza kulisogeza tuta nyuma, wakaurudishia mto hekta 420.

Chakula kikipungua hutokea jambo ambalo vitabu vya watoto havilisemi. Mzazi humshika yule mdogo kabisa kwa mdomo na kumtupa nje ya kiota, na mara nyingine humuua kwanza. Mwenye nyumba mmoja, mama mtu mzima, alitueleza kwamba yeye huwaokota chini asubuhi kabla wajukuu hawajaamka.

Niliporudi nikawasimulia wanafunzi wangu. Mmoja, mtoto wa miaka kumi hivi, ambaye wazazi wake walimleta mjini kwa shangazi yake mwaka ulipokuwa mgumu shambani, aliuliza: "Maalim, yule mdogo alifanya kosa gani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, na nilijua swali lile limetoka wapi.

Wako walimu ambao kwa swali hilo wangesema korongo ni mkatili, na wako ambao wangelificha ili korongo abaki mfano mwema wa mzazi. Mimi sioni haja ya lolote katika hayo. Mnyama hakukalifishwa, hatumsifu kwa kivuli anachowatilia wanawe wala hatumlaumu kwa yule aliyemtupa. Nikamjibu mtoto kwamba hakufanya kosa lolote, yai lake lilitagwa mwisho, basi. Kisha nikamweleza jambo jingine ambalo ni kweli vile vile: katika nchi hizo wako watu ambao kazi yao ni kuwachukua vifaranga walioachwa na kuwapandisha katika kiota kingine chenye vifaranga wa umri wao, na korongo mwenye kiota humpokea mgeni na kumlisha pamoja na wake. Mtoto akauliza tena, "Shangazi yake?" Nikamwambia, si shangazi, ni jirani asiyemjua kabisa. Akanyamaza, akaendelea kuandika.

Miezi miwili baada ya kuanguliwa huruka. Katikati ya Agosti vijana huondoka kabla ya wazazi wao, kwa safari ambayo hawajapata kuifanya. Wengi wa bonde la Elbe hupita Bosphorus, Sham, Sinai na bonde la Nile mpaka Sudan, kwa kuwa huruka kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari kuu hewa hiyo haipo. Wengi hufa mwaka wa kwanza, na nyaya za umeme huwaua wasiohesabika. Aliyesalimika atataga akiwa na miaka mitatu au minne.

Baadhi yao wamevishwa pete mguuni wakiwa kiotani. Basi msomaji, ukimwona korongo mwenye pete shambani kwako, au ukamwokota amekufa, soma maandishi yake. Pete za upande ule wa Ujerumani zimeandikwa HIDDENSEE GERMANIA pamoja na namba. Andika namba, mahali na tarehe, upeleke kwa kituo hicho.