Mikono Mitatu ya Kiko

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, yuko mzee mmoja aliyekuwa karani wa bandari, ambaye kwa muda wa miaka hamsini na zaidi hakumruhusu mtu mwingine ye yote kukijaza kiko chake. Alikinunua mwaka 1969 katika duka la Mgiriki mmoja. Ni kiko cha Kizungu, kilichochongwa katika kifundo cha shina la mti mdogo uotao kandokando ya Bahari ya Kati, mti mgumu usioungua upesi. Mkewe alimfulia, akampikia, akamtunzia na mshahara. Kiko hakukigusa hata akafariki. Kilichoivunja sheria hiyo ni ugonjwa wa kiharusi, uliomlegeza mkono wa kulia na kumwachia ulimi mzito.

Bintiye, ambaye ndiye amtunzaye, ni muuguzi. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba tumbaku huharibu mishipa ya damu, na kwamba aliyekwisha pigwa na kiharusi kisha akaendelea kuvuta ajitafutia cha pili. Alijua pia kuwa moshi wa kiko, hata usiposhushwa mapafuni, huleta saratani ya kinywa na ya koo. Basi akaufungia mfuko wa tumbaku kabatini. Mzee hakugomba. Alinyamaza tu, na sahani yake ikawa yarudi jikoni haikuliwa hata nusu. Mwezi mzima ukapita hivyo. Mwishowe wakapatana: kiko kimoja kila Jumapili jioni, barazani, watoto wakiwa mbali. Na kwa kuwa mkono wa mzee haukuweza, atakayejaza ni binti.

Jumapili ya kwanza aliijaza bori kama ajazaye gunia la mkaa, akashindilia kwa kidole gumba. Ndivyo wafanyavyo wenye haraka: huitumbukiza bori mfukoni, wakachota, wakakandamiza mara moja, basi. Mzee alivuta hata mashavu yakabonyea, hewa haikupita. Jumapili ya pili binti akalegeza mno. Tumbaku ikawaka kama nyasi za kiangazi, ikamchoma mzee ulimi, na kabla adhana ya magharibi haijakwisha bori ilikuwa imejaa majivu matupu.

Hapo ndipo mzee alipofumbua kinywa. "Mikono," alisema kwa taabu, akainua vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Binti alichukua muda kuelewa. Wavutaji wa kiko wa Ulaya wana kanuni ya zamani: tabaka la kwanza hutiwa kwa mkono wa mtoto, yaani majani huachwa yaanguke yenyewe na kuguswa kidogo tu; la pili kwa mkono wa mwanamke, kwa kukandamiza kiasi; la tatu kwa mkono wa mwanamume, kwa nguvu zaidi. Jambo hili lina maana yake. Moto hukaa juu, nao hutaka majani yaliyoshikana ili usizimike. Moshi hushuka chini, nao hutaka njia. Abanaye chini amefunga mlango kabla mgeni hajapita. Kisha kiko huvutwa kabla ya kuwashwa, kwa kujaribu, na ukinzani wake uwe kama wa mrija katika pombe ya mtama. Mfano huu mzee aliueleza kwa ishara, binti akacheka, maana wote wawili waliikumbuka mirija ya nyumbani kwa bibi huko vilimani.

Bibi huyo, mama yake mzee, naye alikuwa mvutaji, ila chake kilikuwa cha udongo, kile ambacho Warundi hukiita inkono, yaani chungu. Hakuwa na habari ya mikono mitatu. Alifikicha jani kavu la shambani katika kiganja, akaliacha liwe vipande vikubwa, akaweka kaa la moto juu yake kwa vidole vitupu. Wazee waliohamia Buyenzi kutoka Ujiji walikuwa na kiko cha maji, chenye bori, digali na shilamu, na wao hawakupima kwa kinywa bali kwa sikio: malio ya maji yakiwa ya kukatika-katika, bori imebanwa. Yawezekana njia hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa mzee hakubali.

Jumapili baada ya Jumapili somo liliendelea. Mzee alifundisha kubana majani kwa vidole na kuyaachia: yakibaki donge, yana maji mno; yakivunjika, yamekauka. Alifundisha kwamba moto wa kwanza huyainua majani, nayo hurudishwa taratibu kwa kichwa cha msumari, ndipo kiberiti cha pili kiwashwe. Binti, kwa jicho la kazi yake, aliona jambo jingine. Neno moja lilikuwa limekuwa mawili, na mawili sentensi. Sumu ile aliyoichukia ndiyo iliyokuwa ikimrudishia baba yake maneno, na hakujua amshukuru nani.

Akajaribu hila. Iko njia nyingine ya kujaza, ambayo donge la tumbaku huwekwa juu ya bori na kusukumwa kwa kingo zake, pakabaki uwazi chini. Binti aliuacha uwazi mkubwa kupita kiasi, ili bori ionekane imejaa na tumbaku iwe nusu. Mzee alivuta mara moja, akakitoa kiko kinywani.

"Hii bori ya mwongo, mama," akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu augue.

Wiki chache baadaye mjukuu wa miaka sita, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alitoka mbio akanyosha kiganja. "Babu, mkono wa mtoto ni wangu. Niachie mimi nitie!"

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akakigeuza kiko kwa mkono wake mzima, akakigonga-gonga ukingoni mwa baraza mpaka tumbaku yote ikamwagika, akampa bintiye akirudishe kabatini. Jioni hiyo hakuvuta.

Jumapili iliyofuata alikiomba tena. Alitaka kijazwe kwa mikono miwili tu, ule wa kwanza urukwe.